Programu Isiyozimwa

Shangazi alirudi nyumbani Jumatatu asubuhi, saa ambazo siku zote huwa yuko kliniki akiwapima wazee presha. Hakubisha hodi wala hakuvua viatu. Alimkuta Chiriku sebuleni, kitabu wazi mezani na kalamu mdomoni, akasimama mlangoni akimtazama kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Mwanangu," alisema, "watu wamekwenda wapi?"

"Watu gani, Shangazi?"

"Wale wa ndani ya kompyuta. Nimefungua, dirisha lipo, vitufe vipo, ile rangi yako ya kijani ipo. Watu hawamo. Hata mmoja!"

Chiriku aliitoa kalamu mdomoni. Hakuhitaji kuambiwa kilichotokea, maana alikuwa akikiogopa tangu siku ile alipokubali kuipeleka programu yake kliniki. Angeweza kusema hapo hapo. Walikuwa wawili tu, mama yake yuko barazani na cherehani, baba yake amelala. Badala yake aliuliza, "Nani ameizima?"

Swali dogo kama hilo, na ndilo lililomtia hatiani mtu ambaye hata chumbani hakuwemo.

"Imezimwa?" Shangazi aliketi. "Basi ni Mama Pacha. Ndiye anayefunga Ijumaa. Na karatasi nilibandika mwenyewe, herufi kubwa, USIZIME. Mama Pacha huyu! Ametumaliza."

Chiriku ni jina alilopewa na baba yake utotoni kwa sababu ya maneno mengi. Maneno yalipungua alipokua, jina likabaki. Alikuwa akifanya kazi baadhi ya jioni katika duka la kutoa kopi, na asubuhi zake zote alizitoa kwa kile alichokiita mpango. Mpango wenyewe ulikuwa karatasi kubwa ukutani, imepigwa mistari kwa rula, masomo ya mwaka mzima ya kuandika programu za kompyuta za mezani. Ulianza na madirisha na vitufe, ukaja kwenye visanduku vya kuandikia, ukaja kwenye hesabu, kisha orodha, kisha kuhifadhi kwenye diski, na mengine mengi chini yake. Alikifuata kitabu alichouziwa na mtu aliyekata tamaa nacho, na alijiapiza kwamba yeye hatakata tamaa, na wala hataruka mada.

Nyumba nzima iliuheshimu mpango ule. Mama alihamishia cherehani yake barazani ili meza ipatikane. Baba, mlinzi wa ghala ambaye usingizi wake ni wa mchana, alikubali kulala na mlio wa kibodi. "Huyu anakwenda hatua kwa hatua," aliwaambia majirani. "Mimi mwenyewe ghalani sifungui mlango wa pili kabla sijafunga wa kwanza. Ameurithi kwangu utaratibu." Majirani walicheka, lakini walimwita Chiriku mhandisi, nusu kwa utani na nusu kwa heshima.

Shida ilianza alipofika kwenye orodha, akachagua wagonjwa wa kliniki kama zoezi. Shangazi alichungulia begani kwake siku moja akaona jina likiandikwa, kitufe kikabonyezwa, na jina likatokea kwenye orodha likiwa na kipimo cha dawa na tarehe ya kurudi kliniki. Jina la aliyechelewa liligeuka jekundu. Shangazi alipiga makofi. Kesho yake alisimama kwenye kikao cha wafanyakazi, mbele ya daktari aliyezoea kumwita mama wa zamani, akatangaza kuwa binti wa kaka yake ametengeneza programu ya wagonjwa wote wa presha na kisukari.

"Bado haijaiva, Shangazi," Chiriku alisema alipopewa habari. "Kuna somo la mbele."

"Somo gani tena, na inafanya kazi naiona?"

Naye, kusema kweli, alipenda kusifiwa. Nani asiyependa? Alijua kwamba kila jina lililoandikwa mle lilikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, kwamba programu ikifungwa yote yanayeyuka. Somo la kuhifadhi lilikuwa mwezi unaofuata. Angeweza kufunua kurasa za mbele akalisoma, lakini mpango haukusema hivyo, na yeye alikuwa ameuapia mpango. Kwa hiyo aliona njia ya mkato ambayo mjinga asingeiona na fundi asingeikubali: kompyuta ya kliniki isizimwe kabisa. Chini ya meza palikuwa na betri ya akiba, umeme ukikatika inashika. Akifika mwezi wa kuhifadhi, ataliingiza somo mle kimya kimya, na hakuna atakayejua. Alimwambia Shangazi asiizime. Sababu hakumwambia. Na Shangazi, kwa kuonyesha kwamba yeye si wa zamani, alilifunga daftari kubwa la kliniki akalirudisha stoo.

*

Walipofika kliniki mabenchi yalikuwa yamejaa. Wazee walishika vifuko vya dawa vilivyokwisha, kila mmoja akisubiri kuitwa kwa jina. Muuguzi kijana alikuwa akihangaika dirishani, maana vipimo vilivyokuwa kwenye daftari la stoo vilikuwa vimeshabadilishwa.

"Bibi, unameza vidonge gani?"

"Vile vyeupe, mjukuu wangu."

"Vyeupe viko vingi, Bibi."

"Vile vyeupe vidogo. Vimekatwa katikati. Si mnavyo humo kwenye televisheni yenu? Mlituambia yote yamo."

Benchi zima lilicheka. Chiriku alitazama sakafu.

Ofisini, daktari msimamizi alikuwa amemsimamisha Mama Pacha mbele ya meza. Mfagizi huyu alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, aproni yake ya kazi imepigwa pasi, mikono ameifunga mbele. Amefagia jengo lile tangu lina chumba kimoja.

"Karatasi uliiona?"

"Niliiona, Daktari."

"Uliisoma?"

"Niliisoma. Lakini ilikuwa inanuka."

"Karatasi?"

"Kompyuta, Daktari. Inanuka kuungua. Nikaweka mkono kwa nyuma, moto kama pasi. Na ilikuwa Ijumaa, hakuna anayerudi mpaka Jumatatu. Nikasema, jengo hili likiwaka nitajibu nini? Nikazima polepole, kama ninavyozima feni."

"Kwa hiyo wewe unajua kuliko walioandika?"

"Sijui kitu, Daktari. Nilinusa tu."

Daktari alimgeukia Chiriku. "Haya, wewe ndiye mtaalamu wetu. Huyu mama asingeizima, majina yangekuwepo?"

Shangazi alikuwa anamtazama.

"Yangekuwepo," Chiriku alisema.

Hakusema uongo, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Mama Pacha alifumba macho kidogo, akayafumbua, akasema, "Basi nimekosa." Aliambiwa akae nyumbani mpaka Alhamisi, kikao kitakapoamua. Alivua aproni pale pale, akaikunja vizuri, akatafuta pa kuiweka. Hakuna aliyeipokea. Mwishowe aliiweka juu ya kiti akatoka.

*

Jioni kabla ya chakula, Shangazi alikuwa uani akifua sare yake. Chiriku alichukua ndoo ya pili akachutama kando yake, akaanza kusuuza. Walifua mpaka povu likaisha.

"Shangazi, si kosa la Mama Pacha."

"Ameizima, mwanangu. Amekiri mwenyewe."

"Programu yoyote iliyokamilika inazimwa na kuwashwa. Yangu haikuwa inahifadhi. Nilijua. Nilikuwa sijafika hapo."

Shangazi aliacha kukamua. Maji yalimtiririka mpaka kwenye kiwiko. "Hujafika wapi?"

"Kwenye somo la kuhifadhi."

"Ukaniacha nikaingize watu mle? Watu wazima, wagonjwa, kila siku naandika, na wewe unajua naandika kwenye maji?"

"Nilidhani nitawahi."

Shangazi hakupiga kelele. Chiriku angeshukuru angepiga. Aliikung'uta ile sare, akaianika, akaivuta mikono ikanyooka, ndipo akauliza kwa sauti ya chini, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi yaishie hapa uani."

"Na Mama Pacha?"

"Nitamtafutia pengine. Nina watu. Sikiliza, Chiriku. Mwaka huu nastaafu. Maisha yangu yote pale nimeitwa wa zamani, wa zamani, na safari hii moja nikasimama nikasema nina jambo jipya. Ukisema wewe kwamba programu ilikuwa bure, ni mimi niliyefunga daftari. Ni mimi. Nataka nitoke pale kichwa changu kikiwa juu, basi. Ni kikubwa hicho?"

Chiriku alimwaga maji ya ndoo. Huyu ndiye aliyemlea alipoachishwa ziwa, mama yake akiwa mgonjwa. Huyu ndiye aliyemnunulia hiyo kompyuta ya mkononi ya kujifunzia.

Mezani baba yake, aliyekuwa anajiandaa kwenda zamu, alisikia habari za mfagizi kusimamishwa akatikisa kichwa. "Ndivyo ilivyo. Ghalani kwetu kitu kikipotea wa kwanza kukamatwa ni mlinzi. Wenye funguo wako ofisini, lakini mlinzi ndiye yuko karibu." Alitafuna, akaongeza, "Si huyo mama aliyekuwa anamletea Chiriku karanga alipokuwa anakaa kliniki akisubiri Shangazi yake?"

"Kula, baba yake," mama alisema, maana aliona nyuso za wenzake.

*

Jumatano mzee mmoja, fundi saa, aliletwa kliniki amebebwa. Alikuwa amepewa dawa ya presha kwa kukisia, naye kwa hofu ya kuzidiwa akameza na zile za akiba alizobakiza. Alipoinuka kitandani alianguka. Alilazwa, na kwa bahati njema akafungua macho. Shangazi aliporudi nyumbani hakumwambia Chiriku. Alimwambia mama yake Chiriku, kwa sauti ya kutosha kusikika sebuleni.

Chiriku alifunga kitabu, akatoka.

Nyumba ya Mama Pacha ilikuwa chumba na sebule, nyuma ya mashine ya kusaga. Sakafu ilimeta. Mabinti zake wawili wanaofanana walikuwa wanasukana mlangoni. Walimwona mgeni wakainuka pamoja. Mama Pacha alimpa kiti kilichokuwepo, yeye akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua utakuja. Una moyo mzuri tangu mdogo." Aliinama mbele. "Nisaidie kwa Shangazi yako. Mwambie nimekosa, sirudii. Hata wakinihamishia kufua mashuka. Mwambie Mama Pacha kichwa chake kilikuwa kigumu, sasa kimelainika."

Mabinti walikuwa wanasikia. Chiriku aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni.

"Hukukosa, mama. Nimekosa mimi."

Alimweleza yote, kwa maneno ya kawaida, bila kujipunguzia. Mama Pacha alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza mlio wa kitu kilicholegea.

"Subiri. Umeme ungekatika?"

"Kuna betri."

"Na betri ingekufa?"

"Yangepotea."

"Na ingeungua kama nilivyoogopa?"

"Yangepotea vile vile. Pamoja na jengo."

"Kwa hiyo mimi nilizima kitu kilichotaka kuzimwa."

"Ndiyo, mama."

Mama Pacha aliinua kichwa. Chiriku alingoja atabasamu, au amshike mkono, au aseme ahsante kwa kuniambia. Ni ajabu jinsi mkosaji anavyotegemea zawadi akikiri.

"Hawa," Mama Pacha alisema, akiwaonyesha mabinti zake kwa kidevu, "nimewaomba radhi. Unasikia? Nimewaketisha hapo nikawaambia mama yenu ameharibu kazi kwa ujinga, nisameheni, mwezi huu tutabanana. Watoto niliowazaa mwenyewe. Na wewe Jumatatu ulikuwa umesimama pale, unanitazama."

"Nisamehe, mama."

"Unaniambia mimi ya nini? Mimi si kikao." Alisimama, akakichukua kile kiti kabla Chiriku hajainuka vizuri. "Nenda kawaambie wao."

*

Kikao kilikaa kwenye chumba cha chanjo, kwa kuwa ndicho chenye viti. Daktari aliketi mbele, Shangazi kulia kwake akiwa na sare iliyonyooshwa vizuri kuliko siku zote. Mama Pacha aliwekwa karibu na mlango. Daktari alimwomba Chiriku aeleze kwa ufupi, kwa faida ya wasiojua mambo ya kompyuta, jinsi mfagizi alivyosababisha hasara.

Chiriku alisimama. Alikuwa ameandaa maneno, yakamkimbia yote.

"Hakusababisha," alisema. "Programu yangu haikuwa inahifadhi kitu. Nilikuwa bado najifunza, na somo lile sijalisoma. Nilijua ikizimwa inafuta, nikaona afadhali isizimwe kuliko nikiri kwamba haijakamilika. Mama huyu aliokoa jengo. Mimi ndiye niliyepoteza majina."

Muuguzi kijana alisema "Mungu wangu" chini chini.

"Jumatatu nilikuuliza," daktari alisema.

"Uliniuliza kama yangekuwepo, Daktari. Nikajibu hilo tu."

Daktari alimgeukia Shangazi polepole. "Na wewe, mama? Ulijua?"

Chiriku alifungua mdomo ili aseme hakujua, ni mimi peke yangu. Uongo huo alikuwa tayari kuusema, na angeusema vizuri. Lakini Shangazi alimwahi. Aliitazama mikono yake juu ya meza, akasema, "Nimejua tangu Jumatatu jioni. Nilimwambia anyamaze."

Basi ikawa hivyo. Usimamizi wa kliniki ya presha alipewa yule muuguzi kijana, na Shangazi akapelekwa chumba cha kufunga vidonda kumalizia miezi yake. Daftari kubwa lilitolewa stoo. Mama Pacha aliambiwa, "Kesho uje kazini kama kawaida," akajibu, "Ndiyo, Daktari." Hakuna aliyemwomba radhi. Aproni aliikuta juu ya kile kile kiti, imekanyagwa na mtu aliyekipanda kubadilisha taa.

*

Somo la kuhifadhi lilikuwa kurasa chache. Chiriku alilisoma mchana mmoja, akalielewa, akaweka kichwa mezani akalia, na mama yake alimwacha alie.

Asubuhi zilizofuata hakukaa nyumbani. Alikwenda kliniki, akaketi kwenye benchi na wazee mmoja mmoja, akiandika kwa mkono majina, vidonge, tarehe. Wengine walimwita daktari, naye akawaambia, "Hapana, mimi ndiye niliyewapoteza." Fundi saa, aliporuhusiwa kutoka, alimtazama juu mpaka chini akamwambia saa iliyoachwa wazi kabla ya kumalizwa huingia vumbi. Akaandikwa naye. Yule bibi wa vidonge vyeupe alileta pakiti zote za miaka yote kwenye kapu.

Kwa Shangazi hali haikunyooka. Alimwitikia salamu, akala chakula chake, akauliza kama maji yapo. Mazungumzo yaliishia hapo. Mara moja tu, akipita sebuleni, aliona skrini ina orodha imejaa, akasimama. "Sasa inahifadhi?" "Inahifadhi, Shangazi." Aliitikia kwa kichwa akaenda kulala. Chiriku alilipokea hilo kama lilivyo, kwa kuwa hakuwa na haki ya kudai zaidi.

Programu ilirudi kliniki baada ya daktari kuishuhudia ikizimwa na kuwashwa mpaka yeye mwenyewe akachoka. Karatasi ilibanduliwa. Kompyuta ilifunguliwa nyuma ikatolewa vumbi lililojaa kama pamba. Daftari kubwa safari hii halikufungwa. Liliwekwa kando yake, wazi.

Ijumaa ya kwanza, kliniki ilipokuwa inafungwa, Mama Pacha aliingia na fagio. Aliwaitikia waliomsalimu. Alizima feni, akafunga dirisha, akafika kwenye meza ya kompyuta akasimama.

"Unaweza kuzima tu, mama," Chiriku alisema. "Hakuna kitakachopotea sasa."

"Zima wewe."

"Kweli, mama. Nimejaribu mara nyingi. Hata Daktari..."

"Nimekusikia." Mikono ilikuwa ndani ya mfuko wa aproni. "Zima wewe, mwanangu. Mimi niko hapa naona."

Chiriku alifunga programu, akazima mashine. Feni ya ndani ilizunguka ikipungua, ikanyamaza. Mama Pacha hakusogea.

"Umezima?"

"Nimezima, mama."

"Sema kwa sauti. Na wale wa dirisha la dawa wasikie."

Pale dirishani watu watatu walikuwa wanafunga vitu vyao. Shangazi naye alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha vidonda, mkoba begani. Chiriku aligeukia dirishani.

"Nimezima mimi!" alisema, na sauti ikajaa jengo zima.

Waligeuka wakamtazama wote. Mama Pacha alihakikisha kwamba wamegeuka, mmoja baada ya mwingine. Ndipo alipoinama akaanza kufagia chini ya meza.